Pétion-Ville ya Haiti: uongo tunaoambiana kuhusu mlima wa matajiri

Nikisema niliwahi kuishi Haiti watu wananiangalia kama nimefufuka, halafu nikitaja kwamba nilikaa Pétion-Ville, yule anayeijua kidogo anabadilika hapohapo, ananiangalia kama mtoto wa waziri. Mimi sikuwa maiti wala mtoto wa waziri, nilikuwa mtu wa stoo niliyepelekwa mwaka 2018 kufundisha wenzangu namna ya kupanga na kuhesabu dawa, nikakaa miezi 3, Juni mpaka Agosti, kwenye chumba cha uani kwa mama mmoja mjane aliyekuwa ananiita pitit mwen, yaani mwanangu. Sasa tangu polisi wa Kenya watue kule Juni 2024 kupambana na magenge kila grupu la WhatsApp lina mtaalamu wa Haiti, na huo mji wa mlimani ndio unaopotoshwa kuliko kote, huyu anasema ni Ulaya ndogo, yule anasema ulishakuwa majivu zamani. Ngoja niyapitie yale ninayoulizwa sana, kwa jinsi yanavyonijia kichwani.

"Ni uzunguni pale Port-au-Prince, kama Masaki tu"

Kwanza sio mtaa. Ni manispaa yenye meya wake, na makadirio ya serikali ya mwaka 2015 yalitaja watu zaidi ya 370,000. Hebu niambie Haiti ile ile unayoisikia kwenye habari itapata wapi matajiri laki tatu na sabini elfu wa kuwajaza mlima mmoja. Wengi wanaoishi Pétion-Ville ni wauza maji, mafundi, walimu, mama wa sokoni, madereva, walinzi, wapishi, na watoto wao. Matajiri wapo, na ni matajiri kweli, nimeona geti zinazofunguka zenyewe na ndani gari 6 zimepangwa kama yadi, ila ukiwahesabu kwa vichwa hawafiki popote.

Chora ramani hivi kichwani. Port-au-Prince ipo chini kwenye ghuba, huko ndiko kulikuwa na bandari, masoko, wizara na ikulu. Halafu ardhi inaanza kupanda kuelekea kusini mashariki, na barabara zinapanda nayo: Delmas, Bourdon, Canapé-Vert. Hii ya Delmas ina utamu wake, mitaa inayoikata haina majina ina namba tu, Delmas 33, Delmas 75 na kuendelea, za witiri upande mmoja za shufwa upande wa pili, na ukikaa kwenye gari unaona mwenyewe, namba ikipanda hewa inapoa na kodi ya nyumba inapanda. Mwisho wa barabara unatokea Pétion-Ville, mita kama 400 juu ya bahari. Haiishii hapo, juu yake kuna Pèlerin, Laboule, Thomassin, mpaka unafika Kenscoff huko karibu mita 1,500 ambako kuna ukungu, kabichi, karoti na hata stroberi, kwa hiyo yule anayesema "Karibiani ni joto mwaka mzima" mwambie mimi nilinunua sweta. Ya mtumba. Wao mitumba wanaita pèpè.

Sisi watu wa pwani huu mpangilio unatuchanganya kwa sababu kwetu mwenye hela anaifuata bahari, Masaki, Mbezi Beach, Nyali. Huko mwenye hela anaikimbia bahari. Ufukweni ndiko kwenye mitaa ya maskini, Cité Soleil na La Saline, joto, mafuriko, na takataka za mlima mzima zinaishia kwao mvua ikinyesha. Mtu wa Bujumbura aliyezoea Kiriri, mtaa wao wa matajiri mlimani, ataelewa haraka, wa Mwanza atachanganyikiwa zaidi maana kwake yeye mlimani kwenye mawe ndiko kwenye nyumba za kubanana. Pétion-Ville ni vyote viwili, Kiriri na Mabatini ya Mwanza zimewekwa kwenye mlima mmoja zinatazamana usoni.

"Mji waliujenga Wafaransa, ndio maana una jina la Kifaransa"

Hapana. Haiti ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1804 baada ya watumwa kuwapiga jeshi la Napoleon, na Pétion-Ville ilianzishwa mwaka 1831, miaka 27 baadaye, na Rais Jean-Pierre Boyer. Jina ni la Alexandre Pétion, mmoja wa majenerali wa vita ya uhuru na rais aliyemtangulia Boyer, alifariki 1818. Huyu Pétion ndiye aliyempa Simón Bolívar, yule mpigania uhuru wa Amerika Kusini, silaha na hifadhi mwaka 1816 akiwa ameshindwa na hana pa kwenda, sharti lake likawa moja tu, ukishinda uwaachie huru watumwa wa huko kwenu. Watu wanaimba Bolívar kila siku, huyu Mhaiti hatajwi.

Boyer naye ana doa. Mwaka 1825 manowari za Ufaransa zilisogea na karatasi ya mfalme Charles X, kwamba tutautambua uhuru wenu mkitulipa faranga milioni 150, fidia ya mashamba na ya watu waliokuwa "mali" yao. Boyer akakubali. Mwaka 1838 ikapunguzwa ikawa milioni 90, ila mikopo iliyochukuliwa kulipia hilo deni ilimalizika 1947, soma tena, 1947. Leo katikati ya Pétion-Ville kuna bustani inaitwa Place Boyer, jioni vijana wanakaa pale na bia ya Prestige, wanacheka, wanapiga selfi, na sidhani hata mmoja anafikiria kwamba kakaa kwenye jina la aliyesaini lile deni.

Na zile nyumba za mbao zenye urembo kama lesi ambazo kila mtu anazipost akisema Pétion-Ville, sio za Pétion-Ville. Zipo chini zaidi, Pacot na Bois-Verna. Pétion-Ville ni zege, kuta ndefu, nyaya za miba na bogenvilia juu ya ukuta.

"Nyumba zenyewe za rangirangi pale mlimani, maskini gani hao wanapaka rangi"

Hii ndiyo inaniudhi. Ile picha ni ya Jalousie, makazi yaliyobanana kwenye ubavu wa mlima mkabala na mahoteli ya Pétion-Ville. Jina lenyewe kwa Kifaransa linamaanisha wivu, pia ni aina ya dirisha la vibao unaloweza kuchungulia bila kuonekana, na sijawahi kusikia jina lililokaa pahala pake kama hilo. Mwaka 2013, wakati wa Rais Michel Martelly, serikali ilipaka nyumba kama 1,000 rangi za pinki, bluu, kijani, njano, wakasema wamechukua wazo kwa mchoraji Préfète Duffaut aliyekuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, yule aliyekuwa anachora miji inayopanda angani kama ngazi. Mradi ulitajwa kuwa wa dola milioni 1.4.

Ukweli ni kwamba walipaka upande unaoonekana. Nilipanda kule na kijana mmoja tuliyekuwa naye kwenye mafunzo, kwao ni huko, tukapita ngazi za saruji nyembamba kiasi kwamba mkikutana na mtu mmoja wenu anarudi nyuma. Ukuta wa mbele wa kwao ni wa waridi, ukipinda kona ule wa ubavuni ni tofali tupu, kijivu, haujaguswa. Nikamuuliza kwa nini. Akanielekezea kidole ng'ambo, nikaona balkoni za hoteli. Hakusema neno. Ndani mama yake alikuwa na madumu 5 ya njano ya maji yamepangwa chini ya kitanda, na hayo maji yalipandishwa kwa kichwa ngazi zote zile nilizozipanda mimi mikono mitupu nikihema.

Wapo waliofurahia rangi, tusidanganyane, kijana mwenyewe alisema angalau sasa akisema anatoka Jalousie watu wanajua ni wapi. Ila rangi sio bomba la maji.

"Huko juu umeme na maji havikatiki, hao ndio wenye nchi"

Hahaha. Wiki ya kwanza nilifikiri nimepelekwa nyumba mbovu, kumbe ndiyo ilikuwa nyumba nzuri.

Umeme wa shirika ulikuwa unakuja saa unazotaka wenyewe, pengine saa 7 usiku, unakaa kidogo unaondoka, na ukija mtaa mzima unasikia shangwe hata kwenye nyumba za maghorofa. Kwa hiyo kila mwenye uwezo ana betri zimepangwa kwenye kijichumba, zile kubwa za maji, na inveta juu yake, ukuta mzima unaunguruma kama friji. Mwenye uwezo zaidi ana jenereta, ambayo wao wanaiita dèlko. Usiku ukisimama kwenye balkoni unaweza kupima utajiri kwa sikio, ukimya ni wa maskini, mlio mdogo wa kukohoakohoa ni wa kati, ule mlio mnene wa chini unaotetemesha kioo ni wa bwana mkubwa. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa na betri 8 na alikuwa anazijua moja moja kama ng'ombe, hii imezeeka, hii mvivu, Jumamosi anazifungua anaziongeza maji huku amevaa glavu za kuoshea vyombo.

Maji ndiyo kabisa. Chini ya karibu kila nyumba kubwa kuna kisima cha zege cha kuhifadhia, sitèn, na kinajazwa na lori. Malori haya yanateka maji kwenye visima vya bondeni, ile tambarare ya Cul-de-Sac, halafu yanapanda mlima mzima kwa gia ya kwanza, moshi mweusi nyuma, foleni nyuma yake. Tajiri wa Pétion-Ville anaoga maji yaliyotoka kwa watu wa chini yakapandishwa kwa dizeli. Siku lori halipandi, awe na bwawa la kuogelea au asiwe nalo, anaoga kwa kopo. Mimi hii iliniingia kuliko takwimu yoyote, kwamba yule anayejiona yupo juu ya mji anauning'inia mji.

Na ndiyo maana honi ya lori la maji ni sauti ya heshima mtaani. Mlinzi anakimbia, mbwa anafungwa, mama anatoka na kofia ya jua kusimamia mwenyewe mpira uingie kwenye tundu, maana asiposimama dereva atasema lori limeisha kumbe bado limebaki robo, akamuuzie mwingine.

"Wewe mweusi, utajichanganya tu hakuna atakayejua"

Nilienda na hiyo akili. Siku ya pili natembea kuelekea Place Saint-Pierre, ile yenye kanisa na wachoraji wanaotundika picha ukutani barabara nzima, kama pale Morogoro Stores Oysterbay wanavyofanya Tingatinga, mtoto akaniita "Blan! Blan!" Nikageuka nyuma kutafuta mzungu. Hakuna. Nikagundua mzungu ni mimi.

Neno blan limetoka kwenye nyeupe lakini matumizi yake ni mgeni, yeyote, hata uwe mweusi kama mkaa, na mtu wa kawaida wanamwita nèg hata akiwa mweupe. Hii sio utani wa mtaani tu, katiba yao ya mwaka 1805 ya Dessalines, mtawala wa kwanza wa Haiti huru, iliandika kabisa kwamba Wahaiti wote watajulikana kwa jina la weusi, wakiwemo wale Wapolandi waliohama jeshi la Napoleon wakabaki. Kwa hiyo rangi kule ni siasa zaidi ya ngozi. Walinijuaje? Mwendo, viatu, na kwamba nilikuwa nasalimia vibaya. Kabla ya adhuhuri ni bonjou, baada ya hapo ni bonswa, hata jua liwe kali vipi, na ukiingia dukani ukaanza na "hii bei gani" bila salamu utajibiwa ukutani. Mswahili anayejua salamu atakaa vizuri. Mama aliniambia kwao alikozaliwa, mashambani kusini, mgeni anasimama nje anasema "Onè!" na wa ndani anajibu "Respè!" nikamwambia mama hiyo kwetu ni hodi na karibu, akafurahi kweli, siku iliyofuata akanipigia hodi mlangoni kwangu kwa Kiswahili.

Halafu mambo ya lugha, niyamalize haraka. "Huko juu ni Kifaransa tu." Kifaransa utakisikia benki, kwenye menyu, na kwa watu wanaotaka ujue wamesoma. Kikrioli ni lugha rasmi sawa na Kifaransa tangu katiba ya 1987 na ndicho wanachokiongea wote, tajiri na mlinzi wake, na hasa tajiri akikasirika. Mkongo mwenye Kifaransa chake atafika, ila atauziwa bei ya Kifaransa.

"Bei za huko ni dola, chukua dola tu"

Hapa nilichekwa hadharani. Sokoni nachukua maembe, yale marefu ya njano wanayaita fransik, mama ananiambia dola 10. Nikaona ni wizi, lakini aibu, nikatoa noti ya dola 10 ya Kimarekani. Mama akaiangalia, akaniangalia, akawaita wenzake. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye karoti.

Kumbe dola ya Haiti haipo. Haina noti, haina sarafu, ni hesabu ya mdomoni tu, dola 1 ni gourde 5. Zamani gourde ilifungwa kwa dola ya Marekani 5 kwa 1, kwa miaka mingi sana mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980, thamani ikaja kuporomoka lakini mdomo ukabaki palepale. Kwa hiyo dola 10 zake zilikuwa gourde 50, na mwaka ule dola moja ya Kimarekani ilikuwa gourde sitini na kitu. Maembe yote yale chini ya dola moja, na mimi nimetoa kumi.

Mtanzania yeyote mtu mzima hii angeishtukia mapema kuliko mimi. Sisi wenyewe sarafu ya shilingi 5 tuliiita dala, na makondakta wa miaka ya 1980 wakapaza "dala dala" mpaka gari likachukua jina. Shilingi 5 imekufa, dala imebaki barabarani. Nilipomweleza mama yule wa maembe, kwa Kikrioli changu cha kuokoteza, akaniongezea embe moja. Tangu siku hiyo nikiuliza bei naongeza swali, dola ipi? Mgahawani dola inaweza kuwa ya Kimarekani kweli, na hapo utalia kwa sababu nyingine, sahani ya griot, nguruwe wa kukaanga na ndizi za kubondwa na ile kachumbari yao kali ya kabichi inaitwa pikliz, juu kwa wenyewe inafika mara 4 ya bei ya barabarani na wala sio tamu zaidi. Pikliz ya barabarani inakutoa machozi, ya hotelini inakuomba radhi.

Usafiri sina dhana kubwa ya kusahihisha, ni tap-tap, pikapu zimepakwa Messi na Yesu kwenye bodi moja, ukitaka kushuka unapaza "Mèsi chofè!" yaani unamshukuru dereva ndipo anasimama. Shusha ya adabu.

"Tetemeko la 2010 liliwaacha matajiri, lilipiga chini tu"

Nusu kweli, na nusu kweli ndiyo mbaya. Tarehe 12 Januari 2010, kipimo 7.0, kitovu kilikuwa magharibi karibu na Léogâne, na ni kweli katikati ya jiji palisagika kuliko sehemu nyingi za mlimani. Ila pale kwenye ukingo wa kilima unapopanda Bourdon, Hotel Montana ilianguka, na wanasayansi waliokwenda kupima baadaye wakaona kwamba ule mgongo wa kilima wenyewe ulikuza mtikisiko, yaani umbo la kilima liliongeza nguvu. Mlima haukuwa ngao.

Halafu klabu ya gofu. Pétion-Ville ina uwanja wa gofu wa mashimo 9, wa wanachama. Baada ya tetemeko watu waliruka ukuta wakalala kwenye majani, wakafika kama 50,000, mahema mpaka kwenye kona ya mwisho, mwigizaji Sean Penn akaweka kambi yake ya misaada hapohapo. Mama mwenye nyumba alikuwa na dada yake kwenye yale mahema, mjane wa mwalimu, kilomita 2 kutoka kwenye nyumba yenye betri 8, nikamuuliza kwa nini hakuja kukaa hapa, akasema wiki zile hakuna aliyelala ndani, hata sisi tulilala barabarani, tajiri na mpishi wake shuka moja.

Na kabla hata ya tetemeko, Novemba 2008, shule moja ya ghorofa iliyokuwa Nérettes, hapohapo Pétion-Ville, iliporomoka asubuhi watoto wakiwa darasani. Bila tetemeko, bila kimbunga. Zaidi ya watu 90 walikufa. Ujenzi mbovu tu. Hii haitajwi kwenye zile video za "maisha ya kifahari Haiti".

"Huko juu ni salama, fujo zinaishia chini"

Nilikuwa nayo hii na mimi, mpaka Ijumaa tarehe 6 Julai 2018. Robo fainali ya Kombe la Dunia, Brazil na Ubelgiji, saa 8 mchana kwa saa zao. Haiti ni Brazil bwana, pikipiki zina bendera, mbwa ana jezi. Tumejaa kwenye sebule ya mama, jirani wameleta inveta yao ya akiba isije ikatokea balaa. Mechi inaendelea simu zikaanza kulia, serikali imetangaza kupandisha mafuta, petroli asilimia 38, dizeli 47, mafuta ya taa 51. Ukijumlisha yale niliyokwambia ya maji, ya dèlko, ya tap-tap, unaelewa maana yake. Watu waliamini wametangaza muda ule makusudi ili furaha ya Brazil imeze habari. Brazil ikafungwa 2-1.

Jioni matairi yalikuwa yanawaka. Tuliona moshi kwanza chini, halafu katikati Delmas, halafu tukausikia kwa pua, upo kwenye mtaa wetu. Jumamosi supamaketi zilichomwa, hoteli kubwa ya hapo Pétion-Ville ilipigwa mawe, vioo chini, na serikali ikarudisha bei, wiki moja baadaye waziri mkuu Jack Guy Lafontant akajiuzulu. Siku 3 hatukutoka. Tulikula mkate wa mihogo na siagi ya karanga na mama akawa anahesabu lita zilizobaki kwenye sitèn kwa kushusha kamba yenye fundo.

Yaliyofuata mnayajua au mmeyasikia vibaya. Rais Jovenel Moïse aliuawa tarehe 7 Julai 2021 nyumbani kwake, na nyumba yake haikuwa bondeni, ilikuwa Pèlerin, juu kabisa kwenye hewa safi. Machi 2024 magenge yalipanda Laboule na Thomassin, maiti zikakutwa barabarani Pétion-Ville. Novemba mwaka huohuo ndege za abiria zilipigwa risasi na zile za kutoka Marekani zikasitisha kwenda uwanja wa Port-au-Prince, na tarehe 19 magenge yakajaribu kuiingia Pétion-Ville usiku, polisi na wakazi wakaziba barabara kwa malori na mapanga, zaidi ya 25 wa magenge wakauawa. Januari 2025 wakaishambulia Kenscoff, yaani wakaja kwa juu. Nilikokuwa naenda kununua karoti.

Kwa hiyo kuna wanaosema imeshaanguka. Hapana. Wakati Umoja wa Mataifa unasema magenge yameshika kama asilimia 85 ya jiji, Pétion-Ville ilikuwa kwenye ile asilimia iliyobaki, ofisi, benki, kliniki na maelfu ya waliokimbia chini vikajibana humohumo, kodi zikapaa. Wale polisi wa Kenya nao watu wanadhani walikuwa wanalinda matajiri mlimani, kambi yao ilikuwa bondeni karibu na uwanja wa ndege. Na swali la "je nikatembelee?" jibu langu ni usiende sasa hivi, hata kama una mwenyeji, hata kama video umeona watu wanacheza kompa, muziki wao, klabu. Wanacheza kweli. Na nusu yao wana begi dogo limefungwa nyumbani tayari.

Mama nilimpigia mwezi uliopita. Ana umri wa kusahau lakini bado ananiuliza "hodi?" simu ikipokelewa. Chumba changu cha uani sasa wanalala watu 4, dada yake yumo, nyumba nzima ni watu 11 waliopanda kutoka chini, vitu vyao wameviweka kwenye kile kijichumba cha betri. Nikamuuliza betri zinaendeleaje, akaanza kunitajia moja moja, ya tatu ndio imekufa kabisa, ya tano inajikaza, halafu nikasikia nyuma yake honi ndefu na mbwa akibweka, akasema ngoja mwanangu ngoja, lori limepanda, na akaiacha simu mezani bila kuikata, nikabaki nasikiliza geti linaburuzwa.